Usiku Uliopungukiwa Saa Moja

Yadi ya Mawe, Barabara ya Salt Fork
Kaunti ya Larkin, Indiana
17 Januari 2005

Shemeji Verlin,

Nakuandikia barua kwa sababu mdogo wangu Nelda ameniambia simu ya bweni lenu ni moja na masherifu wapya mko arobaini. Jifunze vizuri huko. Wiki mbili si nyingi kwa mtu ambaye miaka kumi na moja ya unaibu ameimaliza akiegemea gari la doria na kikombe cha kahawa.

Nataka tuelewane juu ya jambo moja kabla hujarudi. Sherifu Terrell alipofariki, wajumbe wa matawi ya chama tuliokaa kumteua wa kumalizia muda wake tulikuwa ishirini na watatu. Wewe ulipata kura kumi na mbili, Gaylon Sowders kumi na moja. Mimi ndiye wa kumi na mbili. Gaylon ni askari wa jela ya kaunti mwaka wa kumi na tisa sasa, hajachelewa zamu hata siku moja, na nilikuwa nimemwahidi kura yangu. Nilimwahidi hapa hapa yadini, patasi mkononi. Kisha Nelda akanipigia simu akilia kwa ajili ya mumewe. Basi. Nilipotoka ukumbini Gaylon ndiye aliyenifungulia mlango. Akasema, "Pole na baridi, Lavona." Afadhali angenitukana.

Marehemu mume wangu aliniachia patasi tatu na trela bovu. Leo nina winchi mbili, na mawe yangu yamesimama kwenye makaburi ya kaunti nne. Sikufika hapa kwa kuvunja ahadi. Nimevunja moja tu, na nimeivunja kwa ajili yako na mdogo wangu. Usinifanye nijute.

La kukuchekesha: nimesoma tena kitabu cha sheria walichotupa sisi wachunguzi wa vifo. Katika kaunti nzima, hati ya kumkamata sherifu ikitoka, wa kuipeleka ni mchunguzi wa vifo. Yaani mimi, mchonga mawe ya makaburi, niliyechaguliwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Kwa hiyo tembea kwa adabu, shemeji.

Lavona Kinser


Chuo cha Mafunzo
20 Januari 2005

Shemeji mkali,

Barua yako nimeisomea kitandani, wenzangu wakaniuliza kama nimeshapata kesi. Nikawaambia ndiyo, ya mauaji: shemeji yangu ananiua kwa maneno.

Hapa wameshanipa jina. Siku ya kwanza kila mtu alijitaja na kusema ameshinda kwa kura elfu ngapi. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi nimeteuliwa, kumi na mbili kwa kumi na moja. Darasa zima likaangua kicheko. Sasa naitwa Kura Moja. "Kura Moja, pitisha chumvi." "Kura Moja, zima taa." Nacheka nao, lakini wewe nikwambie ukweli: inauma. Mwakani kuna mchujo wa chama. Nataka nisimame mbele ya watu kama mtu aliyechaguliwa, si mtu aliyeokotwa.

Gaylon simfukuzi, usiwe na wasiwasi. Na nitafanya jambo ambalo Terrell hakuwahi kulifanya. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, nitamwambia askari jela aende nyumbani na nitasimama zamu ya usiku mwenyewe, saa nne hadi alfajiri, kila nusu saa mlango kwa mlango, naandika daftarini. Nitalichapa hilo kwenye vipeperushi: Sherifu Anayelala Mwisho. Unaonaje?

Kura yako nitailipa kwa kazi, Lavona. Na siku ukija kunikamata, njoo na pai ya tufaha.

Shemeji yako,
Kura Moja


Ofisi ya Sherifu
3 Aprili 2006

Shemeji,

Asante kwa kuja haraka jana alfajiri, najua ulikuwa unajiandaa kwa kanisa. Hii naitumbukiza kwenye kisanduku chako nikipita kuelekea mahakamani. Simu zote za ofisini kwangu zinarekodiwa, na ya nyumbani Nelda haachi kusikiliza.

Ni habari ya yule Denzil Pruett tuliyemkuta amekufa chumba namba nne. Miaka thelathini na mmoja, alikamatwa Ijumaa kwa kuendesha gari huku leseni yake imefungiwa. Nimeambatisha nakala ya rangi ya daftari la zamu. Ilikuwa Jumamosi yangu, lakini nilikuwa nimewakaangia kambale wa kampeni watu mia tatu, nimechoka hoi, nikamwomba Gaylon anishikie. Kaguzi zote kazifanya kila nusu saa na kutia herufi zake, G.S. Saa kumi na nusu Denzil alikuwa anakoroma. Saa kumi na moja alfajiri hapumui. Saa kumi na moja na dakika nne gari la wagonjwa limeitwa. Kila kitu kiko sawasawa.

Nakuomba uandike tarehe mbili Aprili, saa kumi na moja kasoro, moyo umesimama. Mama yake anaulizauliza. Mchujo ni tarehe mbili Mei, na mpinzani wangu anatafuta hata unywele wa kunishikia.

Verlin


Yadi ya Mawe
3 Aprili 2006, jioni

Shemeji,

Nimetia saini. Ila nilipofika saa kumi na mbili na dakika kumi nilimkuta taya na mikono imeshakakamaa, na kipimajoto kilisoma nyuzi tisini za Fahrenheit. Kwa mtu aliyekufa saa moja tu nyuma, ni baridi mno. Ulisema ni sakafu ya saruji. Nimeandika ulivyosema kwa sababu ni wewe.

Lavona


Mjini
5 Aprili 2006

Dada yangu,

Naiweka barua hii ndani ya sahani yako ya pai ili usiseme tena kwamba sirudishi vyombo. Pasaka njoo kwetu. Paja la nguruwe nitalioka mimi, wewe leta maharagwe, na tafadhali usianze na Verlin habari za ukuta wa yadi yako ambao hajaumaliza. Usingizi hapati yule. Anaamka, anakaa jikoni, anakunja na kukunjua vipeperushi.

Nikuchekeshe kidogo. Unajua hii sheria yao mpya ya kusogeza saa mbele, saa moja nzima, kila ikifika masika. Maisha yetu yote kaunti hii hatujagusa saa, eti sasa tuwe kama watu wa majimbo ya mashariki! Basi Jumamosi kabla ya kulala nikazunguka nyumba nzima nikasogeza saa zetu zote kumi na moja, nimezihesabu, hata ile yenye umbo la kuku jikoni. Verlin akarudi ananuka kambale kama sufuria, akasema anabadili shati tu, arudi zake. Akakaa kitandani avue viatu, akadondoka hapo hapo. Nikamwacha, maskini. Alfajiri akashtuka: "Nani kaichezea saa yangu?" Nikamwambia ni saa kumi na dakika arobaini, saa mpya, Baba, karibu ulimwenguni. Akatoka mbio bila soksi!

Ikabidi nimpelekee soksi jela, pamoja na mkate na kahawa. Nikamkuta mezani, gari la wagonjwa liko nje taa zinazunguka, na yeye ameinama anaandika kwenye lile daftari lao, mstari baada ya mstari, kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni. Hakuniangalia hata usoni. Akaniomba kalamu ya mkobani, eti yake inakata wino. Nikampa ya bluu. Bado hajanirudishia. Hata kwa kalamu mume wangu ni mwizi.

Nakupenda. Maharagwe usitie sukari nyingi.

Nelda


Yadi ya Mawe
13 Aprili 2006

Verlin,

Bi. Ona Pruett alikuja jana kuagiza jiwe la mwanawe. Amechagua jiwe la chokaa la kijivu, dogo, bila maua. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Nikamwambia tarehe mbili Aprili, ndivyo cheti kinavyosema. Akaniuliza, "Una hakika ni ya pili, mama? Jumamosi saa sita mchana nilimpelekea insulini yake dirishani. Alikuwa hajachomwa tangu Ijumaa. Daktari aliwahi kutuambia Denzil bila sindano hamalizi siku mbili. Nilitaka kujua kama mwanangu aliiona Jumapili." Nikamwuliza insulini alimpa nani. Akasema, "Sherifu mwenyewe. Alikuwa amebeba sinia la samaki. Akaniambia, nenda upumzike, mama, nitampa kwa mkono wangu."

Jana hiyo hiyo gazeti limeandika kuwa umemfukuza Gaylon kwa kutompa mgonjwa dawa.

Verlin, makosa kwenye karatasi yanafutika. Kwenye chokaa tarakimu ikiingia imeingia. Kwa hiyo nilikaa nikapiga hesabu yangu kabla ya kushika patasi. Mwili hupoteza kama nyuzi moja na nusu kila saa. Mtu hai ana kama tisini na tisa; huu ulikuwa umepoteza karibu tisa, basi ni saa sita. Rudi nyuma saa sita kutoka saa kumi na mbili na dakika kumi, unapata saa sita na dakika kumi usiku. Nikasema haya, bado ni tarehe mbili, ingawa daftari linasema alikuwa anakoroma. Kisha nikakumbuka usiku ule saa zilisogezwa. Saa nane iligeuka saa tisa papo hapo. Kwa hiyo ilikuwa saa tano na dakika kumi. Tarehe moja.

Ndipo nikachukua daftari lako. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri una kaguzi kumi na tano. Saa nane kamili, G.S., amelala. Saa nane na nusu, G.S., amelala. Usiku wa tarehe ile haukuwa na saa nane na nusu, Verlin. Haukuwa nayo Larkin, haukuwa nayo Indiana nzima. Nani alipita mlangoni pa Denzil katika saa ambayo haikuwapo?

Lavona


Ofisi ya Sherifu
15 Aprili 2006

Shemeji,

Ndiyo hilo tu? Ulinitisha bure. Gaylon ni mzee, alisahau kusogeza saa ya ukutani. Aliandika alichokiona. Nusu ya kaunti ilichelewa kanisani siku ile, hata mchungaji. Utawakamata wote?

Sikia. Wewe unajua mawe, na mawe unayajua kuliko mtu yeyote. Haya ya nyuzi na taya ulifundishwa siku tano. Mchonge mama yule tarehe mbili, mwambie mwanawe alikufa usingizini, atapumua. Zimebaki siku kumi na saba. Nikishinda, hakuna atakayeniita tena Kura Moja.

Pasaka ni kesho. Nelda amekuwekea kiti chako. Njoo tule, tuyaache haya.

V.


Yadi ya Mawe
18 Aprili 2006

Verlin,

Sikuja Pasaka kwa sababu nisingeweza kula. Maharagwe nimewapa mbwa.

Kama Gaylon angesahau kusogeza saa, basi gari la wagonjwa lilipoitwa saa yake ingesoma saa kumi na dakika nne, si kumi na moja. Mstari wa mwisho wa daftari ungekuwa saa kumi. Lakini umeandikwa saa kumi na moja, sawasawa na kituo cha magari ya wagonjwa. Mwandishi anaanza na saa ya zamani, anamaliza na saa mpya, na katikati hajapoteza hata dakika moja. Kati ya saa nne na saa kumi na moja usiku ule zilikuwamo saa sita tu. Kaguzi kumi na tatu. Wewe unazo kumi na tano. Mtu aliyekuwa macho asingeweza kukosea hivyo kwa saa yoyote ile. Ni mtu aliyekaa asubuhi akijua mwisho, akahesabu kurudi nyuma kama tulivyozoea kuhesabu maisha yetu yote.

Gaylon alikuja hapa. Nikamwonyesha nakala. Aliisogeza kwenye mwanga, akasema, "Mimi herufi zangu huziunganisha, Lavona. Hizi zimeachana." Akasema ulimruhusu saa nne usiku, ukamwambia, "Nenda kalale, babu, leo zamu ni ya bosi." Akaenda akalala. Mke wake na jirani wanajua. Na miaka hiyo yote hajawahi kutumia kalamu ya bluu.

Kwenye daftari mistari sita ni ya bluu. Kalamu ya bluu ilitoka wapi, shemeji?

Nakupa hadi Ijumaa. Nenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka. Ukienda kwa miguu yako mimi nitasimama nawe, na saini yangu nitaieleza mwenyewe, maana na mimi ninayo ya kujibu. Nilishika mkono mkavu kama ubao nikaandika saa kumi na moja.

Lavona


Nyumbani
20 Aprili 2006

Lavona,

Tuseme kuna mtu. Sijasema ni mimi. Tuseme mtu huyo amesimama juu ya mafuta ya moto tangu asubuhi, na mama mmoja anampa kiboksi cha dawa dirishani huku mikono yake imejaa. Anakitia kwenye friji, nyuma ya ndoo ya samaki. Anasema nikimaliza kuwalisha watu nampa. Tuseme usiku anakwenda nyumbani dakika ishirini tu, shati linanuka. Mtu huyo si muuaji. Ni mtu aliyekaa kitandani kuvua viatu.

Na tuseme akaamka, akakuta kilichotokea, na mbele yake kuna daftari tupu na mwezi mmoja wa kampeni. Ungefanya nini wewe? Wewe ambaye hujawahi kulala kazini, hujawahi kukosea hata nukta kwenye jiwe?

Gaylon ana pensheni yake, hafi njaa. Angekaa kimya ningempa kazi tena baada ya mchujo. Wewe ndiye uliyempa mdomo.

Uliniteua wewe. Kura yako ilikuwa ya kuninyanyua na sasa unataka iwe ya kunizika. Sawa. Lakini cheti kina saini yako, siyo yangu. Nikizama mimi unazama wewe, na katikati yetu anazama Nelda, ambaye hajui lolote na hajamkosea mtu. Mfikirie mdogo wako kabla hujaanza kufikiria tarakimu zako.

Hiyo kalamu sijui unaongelea nini.

V.


Mjini
9 Mei 2006

Lavona,

Watu mia nne na saba zaidi walimpigia kura kuliko yule mwingine. Mia nne na saba. Alilia kama mtoto. Alikaa na ushindi huo siku sita tu, kisha wito wa mahakama ukaja.

Leo mwendesha mashtaka amenisomea barua yangu mwenyewe. Amenisomea ya kuku jikoni. Amenisomea "hata kwa kalamu mume wangu ni mwizi", na yule mwandishi wa mahakama akainama ili asicheke. Ameniuliza ni mwandiko wangu? Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Nilikuandikia ili ucheke, dada. Nilikuona mpweke huko kwenye mawe yako. Ungeniambia. Ungekuja hata mara moja ukakaa jikoni kwangu ukaniambia, Nelda, barua yako inamfunga mumeo, nifanye nini? Ungenipa hata nafasi ya kukataa. Wewe uliikunja ukaitia kwenye bahasha pamoja na karatasi za hesabu.

Saa zangu zote kumi na moja nimezirudisha nyuma. Katika nyumba hii hatuendi na wewe.

Sahani yako nyingine ya pai iko kwenye ngazi. Ichukue nikiwa sipo.

N.


Yadi ya Mawe
10 Mei 2006

Kwa Sherifu Verlin Deckard,

Jaji ametia saini hati leo saa tisa alasiri: kughushi daftari la serikali, na kumnyima mfungwa matibabu. Sheria inanitaka niilete mimi. Nimeomba waniruhusu iwe asubuhi ili usitolewe mbele ya majirani wakiwa uani.

Nitafika kesho saa moja kamili, kwa saa mpya. Acha bastola na beji mezani jikoni. Funguo za jela pia, zote kumi na nne. Vaa viatu visivyo na kamba. Pingu nitakuja nazo, lakini ukitembea mwenyewe hadi garini sitazifunga.

Umesema nimfikirie Nelda. Nimemfikiria siku kumi na tisa. Nilijua nikimwambia atanisihi, na nikisihiwa naye huwa nampa anachotaka. Ndivyo ulivyopata usherifu. Kwa hiyo sikumwambia, na hilo nitalibeba mimi.

Cheti nimekifuta, nimeandika kingine: tarehe moja Aprili, saa tano na dakika kumi usiku, kwa kukosa insulini. Nimeandika pia kwamba cha kwanza nilikitia saini nikijua hakiingii akilini. Mwisho wa mwezi naacha uchunguzi wa vifo. Jiwe la Denzil nimelichonga jana. Mama yake aliipapasa ile tarakimu ya moja kwa kidole, akaniuliza kwa nini mwanzo nilimwambia mbili. Nikamweleza yote, akanisikiliza hadi mwisho. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru.

Pai sileti.

Lavona Kinser
Mchunguzi wa Vifo, Kaunti ya Larkin


Jela ya Kaunti
12 Mei 2006, saa kumi na moja na robo alfajiri

Verlin,

Hii naipitisha kwenye tundu la mlango wako kwa sababu jana hukutaka kuongea nami, na ni haki yako.

Chumba namba nne si kwa kukukomoa. Sherifu hachanganywi na wafungwa aliowafunga mwenyewe, na chumba cha mtu mmoja kipo hicho tu. Sheria inasema pia kwamba sherifu akiwa ndani, anayeshika jela ni mchunguzi wa vifo, mpaka wajumbe ishirini na watatu wakae tena. Nilimpigia simu Gaylon nikamwomba arudi anisaidie zamu. Akasema, "Usiku ule nilikuwa kwangu nimelala, Lavona. Na leo nitalala." Nikamwuliza kama safari hii anataka kura yangu. Akakata simu.

Kwa hiyo zamu nimesimama mwenyewe.

Nelda alileta vidonge vyako vya presha dirishani saa tatu kasoro dakika tano usiku. Alivisukuma kwangu bila kuniangalia. Nilikupa kwa mkono wangu saa tatu na dakika mbili, ukavimeza, nimeandika. Friji sikulifungua.

Usiku huu umekuwa na saa saba kamili kutoka saa nne hadi saa kumi na moja. Nimepita mlangoni pako mara kumi na tano. Nakala yako hii hapa, usije ukasema nimeiandika asubuhi:

Saa nne kamili, amekaa kitandani. Saa nne na nusu, amekaa. Saa tano, amelala, uso ukutani. Saa tano na nusu, vivyo hivyo. Saa sita, anapumua vizuri. Saa sita na nusu, ameomba maji, amepewa. Saa saba, amelala. Saa saba na nusu, amelala.

Saa nane kamili, yuko macho.

Saa nane na nusu, yuko macho. Aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia.

Saa tisa hadi saa kumi na moja, kaguzi tano: hakulala tena.

L.K.